Mafumbo yaliyofumbuliwa Kilindini

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Leo nataka tuzungumzie werevu wa namna hiyo, na nitaanzia Mombasa. Wengi wanaopita karibu na shule ya Allidina Visram hawajui kwamba wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia walikaa mle watu ambao kazi yao, usiku na mchana, ilikuwa kusoma habari za siri za watu wengine.

Walifikaje? Mwezi Aprili 1942 ndege za Kijapani zilishambulia Colombo na Trincomalee katika kisiwa cha Ceylon, ambacho siku hizi ni Sri Lanka. Manowari za Waingereza zikakimbilia pwani ya Afrika Mashariki, na kikosi chao cha kunasa na kufumbua mawasiliano ya redio ya Wajapani kikahamia Mombasa. Kituo chao kikajulikana kwa jina la Kilindini. Hapakuwa mahali pazuri kwa kazi hiyo. Mawimbi ya redio kutoka Mashariki ya Mbali yalifika yamechoka, na mengi hayakufika kabisa.

Hata hivyo wakapata bahati. Meli za mizigo za Japani zilitumia fumbo ambalo maadui zao waliliita JN-40. Waingereza walidhani ni fumbo la kitabu, yaani kila neno lina nambari yake kitabuni, kisha nambari hiyo huongezewa nyingine ili kuificha zaidi. Mwezi Septemba 1942 Mjapani mmoja alituma taarifa ya meli akasahau kutaja mahali ilipo. Badala ya kutuma jina la mahali hapo peke yake, aliifumba upya taarifa ile ile, kwa funguo zile zile, akachomeka kilichokosekana. Basi! John MacInnes na Brian Townend wakawa na karatasi mbili za kulinganisha, wakaona jinsi tarakimu zilivyosogea kutoka ya kwanza hadi ya pili. Kumbe fumbo halikuwa la kitabu hata kidogo. Herufi ziligeuzwa tarakimu mbili mbili, halafu tarakimu zikachanganywa kwa kupangwa katika safu. Kufikia Novemba kituo kilisoma ujumbe wote wa zamani, na mpya kila ulipoingia. Na meli ambayo njia yake inajulikana ni meli ya kuviziwa, pamoja na askari waliomo.

Miezi michache kabla ya hapo Wamarekani walikuwa wamefanya hila nyingine kule Pasifiki. Kundi la Joseph Rochefort, lililokuwa Pearl Harbor, lilisoma vipande tu vya fumbo la jeshi la majini la Japani. Walijua shambulio kubwa linaandaliwa mahali palipoitwa AF, lakini AF ni wapi? Walihisi ni kisiwa cha Midway. Wakapeleka maagizo Midway kwa waya uliopita chini ya bahari: tangazeni kwa redio, kwa lugha ya wazi, kwamba mtambo wenu wa maji ya kunywa umeharibika. Midway wakatangaza. Haukupita muda mrefu, Wajapani wakaarifiana kwa fumbo lao kwamba AF haina maji. Tarehe 4 Juni 1942 Wamarekani walikuwa wakiwasubiri, na Japani ikapoteza manowari nne za kubeba ndege.

Tazama vizuri kilichotokea hapo. Mshindi hakulivunja fumbo lote. Alimfanya adui afumbe maneno ambayo yeye mwenyewe ameyachagua, kisha akakaa kusikiliza. Tumezoea kudhani siri ni kama mlango, ama umefungwa ama uko wazi. Mimi naiona zaidi kama mtungi. Ufa mdogo hauumwagi mtungi, lakini ukiuacha usiku kucha, asubuhi huna maji. Hata ile mashine maarufu ya Wajerumani, Enigma, ilikuwa na ufa wake: haikuweza kamwe kuifumba herufi ikabaki herufi ile ile. Aliyekisia neno lililomo katika ujumbe aliweza kujua mara moja mahali ambapo neno hilo haliwezi kuwa.

Miaka arobaini baada ya Midway ilielezwa kwa hesabu maana mpya ya fumbo lisilovuja. Na chanzo chake, ndugu msikilizaji, ni karata. Wanahisabati watatu, Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, walikuwa wamejiuliza kama watu wawili wanaweza kucheza karata kwa simu, bila meza na bila kuibiana. Wakapendekeza kila karata ifumbwe kwa hesabu. Mwenzao, Richard Lipton, akaonyesha kwamba nambari fulani zina tabia inayopenya katika ufumbaji bila kubadilika. Mchezaji mjanja asingeijua karata yenyewe, lakini angejua iko katika kundi gani. Ni sawasawa na karata iliyokunjwa pembe, na wanaocheza wanajua faida yake.

Wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, California, Shafi Goldwasser na Silvio Micali, walilishughulikia tatizo hilo, na mwaka 1982 wakatoa jibu lao. Fumbo ni salama, walisema, ikiwa chochote unachoweza kukijua kuhusu ujumbe baada ya kuliona fumbo, ungeweza kukijua hata bila kuliona. Unaweza kulipima kwa mchezo. Wewe adui chagua ujumbe wa aina mbili unaoupenda, wenye urefu sawa. Mimi narusha shilingi, nafumba mmoja, nakukabidhi fumbo. Ukishindwa kutambua ni upi kwa namna iliyo bora kuliko kubahatisha, fumbo langu limefaulu.

Mchezo huo una sharti gumu ndani yake. Siku hizo yalikuwepo tayari mafumbo ambayo ufunguo wake wa kufumbia hugawiwa kwa kila mtu, kama kufuli lililo wazi: yeyote aweza kulibana, mwenye ufunguo peke yake ndiye anayelifungua. Sasa, ikiwa jibu ninalotuma ni ndiyo au hapana, mwizi atayafumba yote mawili mwenyewe, kisha alinganishe na langu. Kwa hiyo neno moja likifumbwa mara mbili lazima litoke kwa sura mbili tofauti. Kila mara bahati nasibu ichanganywe ndani yake. Goldwasser na Micali walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2012, na mimi naona ilichelewa.

Walioonywa si wote waliosikia. Mtandao wa kwanza wa Wi-Fi, wa mwaka 1997, ulichanganya kila furushi la habari na nambari ya kuanzia, lakini nambari hizo zilikuwa milioni 16 na ushei tu. Mahali penye shughuli nyingi zilimalizika kwa saa chache, zikaanza kurudiwa, ikawa kosa lile lile la Mjapani wa mwaka 1942. Kufikia 2001 wataalamu walikuwa wameuvunja. Mwaka 2013 majambazi waliiba maneno ya siri ya wateja wa kampuni ya Adobe, mamilioni kwa mamilioni. Yalikuwa yamefumbwa, naam, lakini kwa namna ambayo neno moja lilitoa fumbo moja daima. Waliochagua neno moja wakaonekana wamejipanga pamoja, na vidokezo vyao vya kukumbushia vikiwa pembeni, bila kufumbwa. Karibu watu milioni mbili walikuwa wamechagua 123456.

Kuna jambo ambalo hata kipimo cha Berkeley hakiahidi kulificha: urefu wa ujumbe, saa uliyotumwa, na aliyetumiwa. Mwaka 2007 watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichukua mazungumzo ya simu za intaneti yaliyofumbwa. Hawakufumbua hata neno moja. Walipima ukubwa wa mafurushi ya sauti yanayopita, na mara nyingi hilo likatosha kukisia watu wanazungumza lugha gani kati ya lugha 21. Kiswahili kilikuwa mojawapo.