Huduma zinazomwezesha mkimbizi kuyamudu maisha ya Nairobi

MKIMBIZI anayeshuka basi katikati ya jiji la Nairobi akitokea Kivu, Mogadishu au Juba huwa ameziacha bunduki nyuma, lakini hapa hakuna anayemsubiri na hema wala kadi ya mgao wa chakula. Mwenzake aliyepelekwa Dadaab au Kakuma hupata mahali pa kulala, maji, zahanati na posho ya chakula, hata kama posho hiyo imekuwa ikipunguzwa kila wafadhili wanapokaza mikono. Wa jijini hulipa kodi ya nyumba sawa na mpangaji mwingine yeyote, hununua unga dukani na hupiga foleni hospitalini pamoja na wenyeji.

Kufikia mwaka 2025, Kenya ilikuwa ikiwahifadhi wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000. Wengi wao wamo katika kambi za Dadaab, iliyofunguliwa mwaka 1991, na Kakuma, iliyofunguliwa 1992. Zaidi ya 100,000 wanaishi mijini, hasa Nairobi na viunga vyake. Hao ndio wanaohusika na makala haya, pamoja na mashirika, makanisa, misikiti na ofisi za serikali zinazowashika mkono.

Hali haikuwa hivi daima. Kabla ya 1991 wakimbizi nchini walikuwa wachache, wengi wao Waganda waliotoroka utawala wa Idi Amin na machafuko yaliyofuata. Walipokewa na serikali yenyewe, baadhi yao wakipitia kituo cha mapokezi cha Thika, kisha wakaruhusiwa kuishi na kufanya kazi watakako. Wakenya waliosoma shule za upili miaka ya sabini na themanini wanawakumbuka walimu wa Kiganda waliowafundisha hisabati na Kiingereza. Serikali ya Somalia ilipoporomoka na malaki ya watu kuvuka mpaka, utaratibu huo ulilemewa. Kazi ya kuwapokea wageni ikaachiwa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR), na kambi zikawa ndiyo sera. Aliyeishi jijini akahesabiwa kuwa amejitafutia mwenyewe. UNHCR ilikuja kubadilisha msimamo wake rasmi Septemba 2009, ilipotoa sera iliyotambua kuwa mji ni mahali halali pa mkimbizi kuishi na kupata ulinzi.

Mapokezi ya mtaani

Kwa kweli, huduma ya kwanza haitolewi na shirika lolote. Hutolewa na watu wa nyumbani waliotangulia. Msomali na Mworomo kutoka Ethiopia huelekea Eastleigh, ambako atapata msikiti, duka la mtu wa ukoo wake na mahali pa kulala walau wiki ya kwanza. Mkongomani, Mrundi au Mnyarwanda huelekezwa Kayole, Umoja, Kasarani, Githurai, Kawangware au Kabiria. Wengine huvuka hadi Kitengela na Ongata Rongai katika Kaunti ya Kajiado, ambako kodi ni nafuu kidogo. Makanisa ya Wakongomani, ambayo mengi hukutana katika kumbi za kukodi na mabanda ya mabati, hukusanya sadaka ya kumlipia mgeni kodi ya mwezi, humwonyesha soko na kumfahamisha matatu zipi zinakwenda wapi.

Ukarimu huo una kikomo. Mwenyeji naye huwa anaishi chumba kimoja na watoto wanne, na mgeni akikawia huanza kuonekana mzigo. Aidha, wanawake na wasichana waliofika peke yao hukabiliwa na hatari ya kutumikishwa nyumbani bila mshahara au kudhulumiwa na wale wale waliowapa hifadhi. Pengo hilo ndilo lililosababisha kuundwa kwa Heshima Kenya mwaka 2008, shirika lililobadilisha jina na kuwa RefuSHE, ambalo liliwashughulikia wasichana wakimbizi wasio na wazazi kwa kuwapa makao, masomo na kazi ya mikono, ikiwemo kutia vitambaa rangi na kuviuza.

Stakabadhi kwanza

Mahitaji mengine yote yamefungamana na karatasi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyotiwa saini Novemba mwaka huo na kuanza kutumika Februari 2022, inamtaka anayeomba hifadhi kujitambulisha kwa afisa wa wakimbizi ndani ya siku 30 tangu aingie nchini. Jijini Nairobi, wengi wamekuwa wakijua njia ya kwenda Shauri Moyo, ilikokuwa ofisi ya serikali ya kuwaandikisha. Hapo alama za vidole huchukuliwa, picha hupigwa, na mhusika hupewa hati ya muda inayoonyesha kuwa ombi lake linashughulikiwa. Hufuata mahojiano ya kuamua iwapo kweli ni mkimbizi. Anayekubaliwa hupewa kitambulisho cha mkimbizi. Kati ya hatua ya kwanza na ya mwisho kunaweza kupita miaka, na katika muda huo mhusika huishi kwa kipande cha karatasi ambacho polisi wa doria huenda asikitambue.

Idara inayosimamia mambo hayo imebadilishwa jina na sura mara kadhaa. Sheria ya 2006 iliunda Idara ya Masuala ya Wakimbizi, ambayo serikali iliivunja mwaka 2016 na kuweka sekretarieti mahali pake. Sheria ya 2021 ikaleta Idara ya Huduma za Wakimbizi (DRS). Kwa mtu aliyekuwa na faili nusu njiani, kila badiliko lilimaanisha kurudi dirishani na kuanza kueleza upya.

Hapa ndipo msaada wa kisheria unapothibitisha thamani yake. Kituo Cha Sheria, shirika lililoasisiwa mwaka 1973 kuwatetea maskini mahakamani, lilifungua ofisi Eastleigh mahususi kwa wakimbizi wa mjini. Refugee Consortium of Kenya, lililoanzishwa 1998, hufanya kazi kama hiyo: kumwandaa mtu kwa mahojiano, kumwandikia rufaa, kumtoa korokoroni alikotiwa kwa kukosa kitambulisho, na kumsaidia mzazi kuandikisha mtoto aliyezaliwa nchini. Jambo hilo la mwisho hupuuzwa na wengi, ilhali cheti cha kuzaliwa ndicho kitakachodaiwa shuleni miaka sita baadaye. Sheria za Kenya zinataka kila kizazi kiandikishwe, awe mzazi ni raia au la.

Uzito wa huduma hiyo ulionekana waziwazi kati ya 2012 na 2014. Desemba 2012, kufuatia mashambulizi ya maguruneti Eastleigh na kwingineko, serikali iliamuru wakimbizi wote wa mijini wahamie kambini. Ripoti ya Human Rights Watch iliyotolewa Mei 2013 ilieleza jinsi polisi walivyowapiga, kuwanyang'anya na kuwatoza hongo wakazi wa mtaa huo katika wiki zilizofuata. Kituo Cha Sheria lilikwenda mahakamani pamoja na wakimbizi kadhaa, na Julai 26, 2013, Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu alibatilisha amri hiyo akisema ilikiuka Katiba. Ushindi huo haukukomesha mambo. Machi 2014 amri nyingine ilitolewa, na Aprili operesheni ya Usalama Watch ikaanza, ambapo maelfu ya watu walikamatwa na wengi kuzuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani hadi stakabadhi zao zikaguliwe. Familia zilizokuwa zimeanza kuzoea jiji zilijikuta zikifungasha tena.

Lugha, shule na hospitali

Mtu angedhani Mkongomani hana shida ya lugha Nairobi kwa kuwa anajua Kiswahili. Anacho, lakini ni cha Bukavu, Goma au Lubumbashi. Husema "franga" akimaanisha pesa kwa jumla, na wengine "masomo" wakimaanisha shule; konda wa matatu akimjibu kwa Sheng, kila mmoja hubaki akimshangaa mwenziwe. Matamshi yake humtambulisha papo hapo sokoni, na bei huweza kupanda kabla hajamaliza kuuliza. Kwa Msomali au Mwethiopia aliyefika akiwa mtu mzima, tatizo ni kubwa zaidi, kwani hulazimika kujifunza Kiswahili cha mtaani na Kiingereza cha ofisini kwa pamoja. Madarasa ya lugha kwa watu wazima yamekuwa yakiendeshwa na makanisa, na mashirika kama Xavier Project, pamoja na vikundi vilivyoundwa na wakimbizi wenyewe. Vikundi hivi, aghalabu vyenye bajeti ndogo sana, hufika mahali ambapo mashirika makubwa hayafiki, kwa sababu mwalimu anaishi ploti moja na wanafunzi wake.

Watoto wana njia iliyonyooka zaidi. Tangu elimu ya msingi ianze kutolewa bila malipo Januari 2003, shule za umma za Nairobi zimewapokea watoto wa wakimbizi. Yule aliyesoma kwa Kifaransa hata hivyo hurudishwa nyuma madarasa mawili au matatu ili ajifunze Kiingereza, na si ajabu kumwona kijana wa miaka 14 akiketi na wa miaka 10. Sare, madawati na ada ndogo ndogo humwangukia mzazi. Mfumo wa kidijitali wa kuwasajili wanafunzi, ulioanzishwa 2017 na kufungamanishwa na cheti cha kuzaliwa, uliwaletea matatizo waliozaliwa nje ya nchi.

Katika afya, hatua iliyoleta nafuu ilikuwa kuwaingiza wakimbizi wa mijini katika bima ya taifa, NHIF, ambapo UNHCR ilianza kuwalipia michango baadhi ya familia mwaka 2014. Mchango wa shilingi 500 kwa mwezi ulimwezesha mgonjwa kuingia hospitali yoyote iliyoandikishwa, bila kutegemea kliniki ya shirika. NHIF ilipofungwa Oktoba 2024 na SHA kuchukua nafasi yake, wakimbizi sawa na Wakenya walilazimika kujisajili upya, huku kiwango cha mchango kikipangwa kwa kukadiria mapato ya kaya. Magonjwa ya moyoni, yaani kiwewe cha vita na ubakaji, hushughulikiwa zaidi na washauri wa mashirika kama HIAS, lililoanza kazi Kenya miaka ya mapema ya 2000. Huduma hiyo ni adimu, na ni aghalabu mgeni kuiomba mwenyewe.

Kutoka msaada hadi kujitegemea

Shirika la RefugePoint, lililoanza mwaka 2005 kwa jina la Mapendo International, limekuwa na mtindo unaofaa kuelezwa kwa kirefu. Familia iliyo hatarini hupewa kwanza chakula, kodi ya nyumba na matibabu kwa muda. Ikitulia, humpata mshauri wa kupanga nayo biashara, hufunzwa kuweka hesabu, kisha hupewa ruzuku ya mtaji. Mtaji wenyewe hutosha cherehani, kinyozi, genge la mboga au bidhaa za kuchuuza. Maendeleo hupimwa kwa kigezo kilichozinduliwa 2020 ambacho huangalia mambo kumi na mawili, yakiwemo makazi, chakula, madeni, akiba, usalama na kama familia ina mtu wa kukimbilia ikikwama. Familia ikifikia kiwango fulani huondolewa katika orodha ili nyingine iingie. Jesuit Refugee Service nalo, kupitia parokia za Kikatoliki, limewasaidia mafundi kwa njia ya duka la Mikono, ambako vikapu, mavazi na mapambo ya wakimbizi huuzwa.

Udhaifu wa mpango wowote wa aina hii uko nje ya uwezo wa mashirika. Mwenye genge anahitaji leseni ya kaunti, na askari wa kanjo hawaulizi alitoka wapi wanapobeba bidhaa zake. Anayetaka kazi ya kuajiriwa anahitaji kibali cha daraja M, ambacho wakimbizi hupewa bila ada, lakini ambacho wachache wamefaulu kukipata. Sheria ya 2021 inatamka kuwa mkimbizi ana haki ya kufanya kazi au biashara, na hata kutekeleza taaluma yake iwapo vyeti vyake vimetambuliwa na mamlaka husika. Muuguzi kutoka Bujumbura anayesuka nywele Kayole atakwambia safari ya kutambuliwa kwa vyeti huanza na nakala ambazo ziliteketea pamoja na nyumba.

Mwaka 2025 ulileta mambo mawili yanayovutana. Januari 20, Rais Donald Trump alisimamisha mpango wa Marekani wa kuwapokea wakimbizi, na misaada ya nchi hiyo ya kigeni ikazuiwa siku hizo hizo. Watu waliokuwa wamekwisha kuuza vyombo vya nyumba wakisubiri ndege walirudi kutafuta vyumba vya kupanga, wakati ule ule mashirika yaliyowahudumia yakipunguza wafanyakazi. Machi 28, Rais William Ruto alizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza Dadaab na Kakuma kuwa makazi ya kudumu ambamo wakimbizi na wenyeji watatumia huduma zile zile za serikali. Mpango huo umeelekezwa zaidi Garissa na Turkana. Mpangaji wa Githurai hakuonekana sana humo.

Kwa baadhi yao kuna mlango mwingine katika sheria ile ile ya 2021. Mkimbizi anayetoka nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza, kwa hiari yake, kuacha hadhi ya ukimbizi na kufaidi haki za raia wa jumuiya hiyo, zikiwemo za kufanya kazi na kuishi. Kipengee hicho kilipoandikwa kiliwagusa Warundi, Wanyarwanda, Waganda na Wasudan Kusini. Tangu hapo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, kwa hivyo sasa kinawahusu wakimbizi walio wengi nchini. Lakini anayeiacha hadhi hiyo huiacha pia kinga inayoambatana nayo, na atahitaji pasipoti ya serikali ambayo huenda ndiyo aliyoikimbia.