Kuchanika kwa aota: vifo visivyoonekana katika takwimu

Kuchanika kwa ukuta wa aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, huanza ghafla kwa maumivu makali ya kifua au mgongo. Unapochanika karibu na moyo bila kutibiwa, hatari ya kifo huongezeka kwa asilimia 1 hadi 2 kila saa katika siku 2 za mwanzo.

Vijijini kama Igalula, wilayani Uyui, mkoani Tabora, vifo vya nyumbani kwa kawaida havifanyiwi uchunguzi wa maiti, hivyo huitwa vya ghafla tu. Chanzo kikuu ni shinikizo la damu, ambalo utafiti wa mwaka 2012 ulilibaini kwa takriban robo ya watu wazima nchini. Kulipima mapema ndiyo kinga.