Nyungunyungu Katika Chungu

Msomaji, yamkini umepata kwenda mtoni na ndoana, ukafukua udongo wa ukingoni, ukamtoa nyungunyungu, ukamtunga kwenye ndoana bila kumtazama mara ya pili. Mbele ya watu wengi nyungunyungu ni kiumbe duni. Hana macho, hana masikio, hana miguu. Na samaki akisha kummeza, habari yake imekwisha. Lakini wako watu waliomtunza kiumbe huyu majumbani mwao, kwanza kwa ajili ya chambo tu, na katika kumtunza wakapata elimu ambayo hawakuitazamia. Historia yao inaanza Uingereza na kupita Marekani. Nataka ufuatane nami katika historia hiyo, kisha uipime kwa mambo ya nchi yako mwenyewe.

Mwaka 1496 mchapaji Wynkyn de Worde alichapa huko Westminster risala juu ya uvuvi wa ndoana, na hiyo ndiyo risala ya kwanza juu ya kazi hiyo kuchapwa kwa Kiingereza. Ilieleza namna ya kutengeneza ufito, kusuka mshipi kwa singa za mkia wa farasi, kufua ndoana, na kuchagua chambo kimfaacho kila samaki. Nyungunyungu wekundu wametajwa humo. Tangu hapo chambo kilikuwa na mahali pake katika vitabu.

Aliyefafanua zaidi namna ya kumtunza nyungunyungu alikuwa Izaak Walton. Alizaliwa mwaka 1593 katika mji wa Stafford, akafanya biashara London, na mwaka 1653 akatoa kitabu chake kiitwacho The Compleat Angler. Ukumbuke mwaka huo. Waingereza walikuwa wametoka katika vita vya wao kwa wao, na mfalme wao, Charles wa Kwanza, alikuwa amekatwa kichwa mwaka 1649. Katika zama hizo za uhasama, Walton, aliyekuwa upande wa mfalme, aliandika juu ya mito, samaki na utulivu wa moyo. Wala hakuona haya kumweleza msomaji wake kwa urefu namna ya kumhifadhi nyungunyungu.

Alisema kwamba nyungunyungu hufaa zaidi akiwa amewekwa siku nyingi kabla ya kutumiwa, maana hutoa uchafu wa tumboni. Mvuvi asiyejiandaa mapema anaweza kuwasafisha kwa haraka kwa maji, kisha akawatia mfukoni pamoja na shamari. Lakini apendaye kuwaweka muda mrefu achukue chungu cha udongo, akijaze yale majani madogo laini ya kijani yanayotanda juu ya mawe na magogo penye unyevu. Wakati wa joto majani hayo yabadilishwe kila baada ya siku tatu au nne; wakati wa baridi, kila juma. Asiyepata mapya ayaoshe yale ya zamani na kuyakamua vizuri, kisha ayarudishe. Na nyungunyungu wakianza kukonda, wadondoshewe maziwa kidogo, kadiri ya kijiko kimoja kwa siku.

Pengine unacheka: mtu kumnywesha maziwa nyungunyungu atakayeliwa na samaki kesho! Lakini tazama kazi iliyofanywa hapo. Ili aweze kutoa maagizo hayo, mtu alilazimika kukaa karibu na chungu siku nyingi, akaona ni lini kiumbe huyu hunawiri na ni lini hudhoofu. Alijifunza kwamba hupenda unyevu, huchukia joto, na hudhurika katika uchafu uliooza vibaya. Huo ni mwanzo wa elimu.

Zaidi ya miaka 150 baadaye, kijana mmoja Mwingereza alikuwa akikaa saa nyingi kwenye kingo za mito, akitazama boya la mshipi wake. Jina lake Charles Darwin. Siku moja, katika nyumba ya mjomba wake mahali paitwapo Maer, aliambiwa kwamba nyungunyungu wanaweza kuuawa kwanza kwa maji ya chumvi. Tangu siku hiyo hakumtunga tena nyungunyungu aliye hai kwenye ndoana, ingawa alidhani kwamba huruma hiyo ilimpunguzia samaki.

Ilikuwa katika nyumba hiyo hiyo ya Maer ambapo mjomba wake, Josiah Wedgwood, alimwonyesha jambo la ajabu. Vitu vilivyotandazwa juu ya mashamba miaka kadhaa nyuma vilikuwa sasa chini ya ardhi, na mjomba alidhani kwamba nyungunyungu ndio waliovifunika kwa udongo waliokuwa wakiutoa chini na kuuacha juu. Mwaka 1837 Darwin alisoma habari hiyo mbele ya chama cha wataalamu wa miamba, London. Mwaka 1842 alitandaza vipande vya chokaa katika shamba lililo karibu na nyumba yake, akangoja. Alingoja miaka 29. Mwaka 1871 handaki lilichimbwa hapo, na chokaa ile ikaonekana kama mstari mweupe, sentimita 18 hivi chini ya majani.

Kadhalika, Darwin aliwaweka nyungunyungu katika vyungu vya udongo ndani ya chumba chake cha kusomea. Wakapigiwa filimbi kali na zumari kubwa yenye sauti nene, wasijali. Lakini vyungu vilipowekwa juu ya piano, na sauti moja ikapigwa, wakakimbilia mashimoni mara moja. Hivyo akajua kwamba hawasikii sauti hewani, bali huhisi mtikisiko. Tena akayachomoa katika mashimo yao majani 227 ya aina mbalimbali yaliyokauka, akakuta 181 yamevutwa kwa ncha yake nyembamba, jambo ambalo lisingetokea kwa bahati tu. Kitabu chake juu ya nyungunyungu kilitoka mwaka 1881, miezi michache kabla hajafa. Humo alieleza kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza zaidi ya tani 10 za udongo mkavu hupita matumboni mwao kila mwaka katika eka moja. Yule aliyedhaniwa kuwa chambo tu, kumbe ni mkulima.

Hata hivyo, Walton alihifadhi na Darwin alichunguza. Kuwazalisha nyungunyungu kwa ajili ya soko kulipata nguvu Marekani katika karne ya 20. Magari na barabara nzuri viliwawezesha watu wengi kwenda kuvua siku za mapumziko, na wote walitaka chambo. Aliyefaa zaidi kufugwa alikuwa nyungunyungu mwekundu wa samadi. Huyu huishi kwa furaha ndani ya sanduku lenye samadi ya zamani na majani yaliyooza, mahali pa kivuli, penye unyevu kama wa kitambaa kilichokamuliwa. Kila mmoja ni dume na jike pamoja, lakini lazima wakutane wawili. Kisha kila mmoja hutaga vifuko vidogo, vyenye umbo la limau na ukubwa wa punje ya mchele, na katika kifuko kimoja huweza kutoka watoto kadhaa. Hugh Carter, wa mji mdogo wa Plains katika jimbo la Georgia, alijulikana sana kwa biashara hii. Binamu yake, Jimmy Carter, alikuwa rais wa Marekani tangu 1977 hadi 1981.

Penye faida tamaa haikosi. Katika miaka ya 1970 walitokea wauzaji waliowauzia watu nyungunyungu wa mbegu kwa bei kubwa, wakiahidi kuwanunua tena wakisha kuzaana. Wengi walibaki na masanduku yaliyojaa, na mnunuzi haonekani. Lakini katika miaka hiyo hiyo mwalimu mmoja wa Michigan, Mary Appelhof, aliwanunua nyungunyungu wa chambo mwaka 1972, akawalisha mabaki ya jikoni ndani ya nyumba yake wakati wa baridi kali. Wakayageuza kuwa mbolea. Kitabu alichokitoa mwaka 1982 kimewafundisha watu wengi kufanya vivyo hivyo.

Sasa nisikufiche upande wa pili. Katika misitu ya kaskazini ya Marekani, karibu na Maziwa Makuu, barafu nene ilifunika nchi zamani sana, na ilipoyeyuka, yapata miaka 10,000 iliyopita, iliacha ardhi isiyo na nyungunyungu. Miti na maua ya huko yalizoea kuota katika tandiko nene la majani makavu. Nyungunyungu wa Ulaya walifika pamoja na wahamiaji, na wavuvi wakawaeneza kwa kumwaga ukingoni chambo kilichobaki. Wageni hao hulila tandiko lile, na mimea michanga hukosa makao. Mvuvi aliyemwaga kopo lake jioni hakukusudia ubaya wowote. Pengine alidhani anawahurumia.

Usiseme kwamba hayo ni mambo ya mbali. Sangara, ambaye Kisumu huitwa mbuta, aliletwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na aina nyingi za samaki wadogo wa ziwa hilo zimepungua au kutoweka kwa sababu yake. Leo, wavuvi wanaomvua kwa mishipi mirefu yenye ndoana nyingi hutumia vifaranga vya kambare kuwa chambo, na wako wafugaji wa Kenya wanaovikuza mabwawani ili kuwauzia. Hivyo kazi ya Walton ingali hai kwetu, ingawa chungu kimekuwa bwawa.

Basi, ukitaka kufuga nyungunyungu, fuga. Tafuta sanduku, liweke kivulini, walishe maganda na majani, na uandike uyaonayo kila juma, kwa maana Darwin hakuanza na vyombo vya thamani kuliko hivyo. Ukienda kuvua, chukua wanaokutosha. Na watakaobaki uwarudishe sandukuni, usiwamwage mahali ambapo hukuwakuta.