Imeli Iliumbwa Kungoja

Wasee, leo siasa tunaiweka kando. Nataka kuwaambia kuhusu imeli moja iliyonirudia nikiwa nimekaa saiba hapa Wote, siku moja kabla ya tarehe ya mwisho ya karo. Nilikuwa nimeandikia chuo nikiomba niongezewe muda wa kulipa. Baada ya dakika chache mashine ikanijibu: namba 554, na chini yake maneno kwamba databesi haikujibu kwa wakati. Mimi nikaona tu nimefungiwa geti. Sikutuma tena. Muhula huo ndio niliacha chuo.

Sisemi ni imeli pekee iliyonitoa, deni lilikuwepo. Lakini siku hizi natunza seva ya imeli ya ofisi moja ndogo, na ndio nimeelewa: hakuna mtu aliyesoma ile barua, kwa hivyo hakuna mtu aliyenikataa.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1982 Jon Postel aliandika kanuni za kutuma imeli, SMTP. Ndani yake seva hujibu kwa namba. Ikianza na 4, maana yake ni "sasa haiwezekani, jaribu baadaye." Ikianza na 5, ni "hapana, usirudi."

Hata Kenya tulianza kwa kungoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti haijafika, shirika la mazingira la ELCI jijini Nairobi lilitumia FidoNet. Barua zilirundikwa kwenye kompyuta, kisha simu ikapigwa kati ya Nairobi na London, modemu zikaongea, mzigo ukavuka. Laini ikikatika, unapiga tena. Barua inabaki palepale ikingoja.

Sasa kichujio kilitoka wapi? Mwaka 1978 Gary Thuerk, muuzaji wa kampuni ya DEC, alituma tangazo la kompyuta kwa watu karibu 400 kwenye mtandao wa ARPANET. Spamu ikaanza hivyo, ikakua mpaka ikawa balaa. Mwaka 2001 ikaja programu ya SpamAssassin. Mwaka 2002 Paul Graham akaeleza jinsi ya kupima barua kwa hesabu: neno hili limeonekana mara ngapi kwenye takataka, mara ngapi kwenye barua halali. Hesabu hizo lazima zikae mahali, na seva nyingi zikaziweka kwenye databesi kama MySQL. Yaani kila barua ikifika getini, soja anapigia ofisi nyingine simu kwanza. Je, ofisi isiposhika simu?

Hapo ndipo unafaa kujua tofauti ya kukataliwa na kunyamaziwa. Muunganisho ukikataliwa papo hapo, mara nyingi mashine iko hai ila databesi imezimwa. Muda ukiisha kimya kimya, pakiti zinapotea njiani: anwani mbovu, faiawoli inazimeza, au mashine imelemewa. Pia MySQL ukiiacha ilivyokuja hukata muunganisho uliokaa bure saa 8, ndio maana barua ya kwanza asubuhi inaweza kuumia. Na inapokea miunganisho 151 tu kwa wakati mmoja. Ikijaa, itakwambia wazi kwamba imejaa.

Lakini kabla hujaanza kuwinda hitilafu, hakikisha kichujio kikikosa databesi kinajibu kwa 4, si 5. Barua itabaki kwenye foleni ya seva iliyotuma, na itajaribiwa tena na tena. Kanuni za sasa zinataka seva isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Faiawoli gani inakushinda siku 4, buda? Yangu pengine ingefika usiku huohuo.

Kwa hivyo ukirudishiwa imeli ya maana, soma namba na maneno yaliyo chini yake kabla hujajihukumu. Yakitaja databesi, tuma tena, kisha pigia hiyo ofisi simu. Na kama wewe ndiye unatunza seva, angalia mpangilio wako leo usiku. Kuna mtoto wa mtu ametuma barua ya karo.