Rangi Ilipohamia Nyuma ya Gurudumu

Matope ya Kibera na Kawangware, hapa Nairobi, yana historia yake, na ni lazima nianzie hapo, maana bila matope mimi nisingekula. Kibera ilianza kuwa makao ya askari wa Kinubi wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles mwaka 1904, na tangu hapo kila serikali iliwahesabu wakazi wake kuwa wapitaji. Mahali pa wapitaji hapawekwi lami. Wanubi walikuja kupewa hati ya ekari 288 mwaka 2017, wajukuu na vitukuu wakishazeekea hapo. Kawangware nayo ilikuwa mashamba ya Dagoretti, nje ya mipaka ya jiji mpaka wakati wa uhuru. Wenye mashamba wakajenga vyumba vya mabati vya kupangisha, kila mmoja akisukuma ukuta mpaka ukingo wa kiwanja chake. Kilichosalia katikati ndicho kikaitwa njia.

Udongo wa upande ule ni mwekundu. Ukikauka unapeperuka kama unga wa wimbi. Mvua ya Machi ikishauloweka, unanata kwenye tairi, na gari likichangamka tairi linaurusha nyuma pamoja na kokoto. Kokoto ndizo adui. Tope huoshwa, lakini jiwe dogo likigonga chini ya mlango, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele, rangi hubanduka kipande cha ukubwa wa ukucha, na maji yanapata pa kuingilia. Kutu haianzi juu ya gari, huanza pale. Mwenye gari huiona akishachelewa, rangi ikiwa imevimba na bati chini yake limegeuka kuwa makapi.

Mwaka 1973 Mzee Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, na ndipo matope yetu yalipopata wateja. Namba tulirithi kutoka kwa mabasi ya kampuni ya KBS: 46 ya Kawangware, 8 ya Kibera. Ila matatu zilikubali kuingia mahali ambapo basi kubwa lingekwama. Nilipoanza kazi, Moi akiwa Ikulu, bado zilikuwepo pikapu za Peugeot 404 zilizofungwa maturubai na viti vya mbao, na zile Nissan zilikuwa ndiyo kwanza zinajaa. Mzee aliyenifundisha alikuwa na kibanda karibu na steji ya 46. Alikuwa fundi wa akala, viatu vya tairi, na madiflapu, yaani vipande vya mpira vinavyoning'inia nyuma ya gurudumu, aliyafanya kwa sababu malighafi ni ile ile, tairi kuukuu.

Watu hudhani kukata mpira ni kazi ya nguvu. Ni kazi ya kujua tairi. Yale ya zamani yalikuwa na nyuzi ndani, tabaka juu ya tabaka. Unalishika kwa koleo, unapitisha kisu kilicholoweshwa maji, unalimenya mpaka unabaki na ngozi nyembamba inayolala bapa. Tairi moja la lori lingeweza kuvalisha gari zima na kubakiza akala za watoto. Yalipokuja ya waya, kisu kikawa kinarusha cheche. Mpira ule haumenyeki, tena ncha za waya zikichomoza zinakwaruza ile ile rangi uliyotumwa kuilinda. Tukahamia kwenye mikanda mikuukuu ya viwandani, iliyotoka Industrial Area kwa njia ambazo sikuwa naziuliza.

Mzee hakuwa msemaji, lakini kuna jambo alilirudia mpaka likanikaa: "Kijana, mpira haukatiki kwenye matope. Hukatika kwenye tundu." Kwa hiyo hatukufunga boliti moja kwa moja kwenye mpira. Tuliweka ubapa wa chuma juu yake, upana wote, tukabana kwa boliti tatu na washa pana, uzito ukagawanyika. Bodi ya gari ikibidi kutobolewa, ukingo wa tundu ulipakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya boliti kuingia, maana ni ujinga kulinda rangi ya mlango huku unafungulia kutu mlango mwingine. Urefu nao una siri. Likiwa fupi, kokoto zinapita chini. Likiwa refu, dereva akirudi nyuma tairi linalikanyaga na kuling'oa pamoja na kipande cha bati. Tuliacha nafasi ya kiganja kilichosimama kati ya mpira na ardhi, gari likiwa limepakia; gari tupu linadanganya, springi zimeinuka.

Lakini nani alilipa? Hapa ndipo hadithi inapokuwa na utamu. Rangi ni mali ya mwenye gari, ambaye mara nyingi haishi Kawangware na jioni anataka hesabu yake tu. Dereva na makanga kutu haiwahusu. Hata hivyo, wao ndio waliokuja kibandani na pesa mkononi, kwa kuwa walitaka jina liandikwe kwenye mpira. Mwenye gari alikuja siku moja tu, gari likielekea ukaguzi Barabara ya Likoni, akitaka kila kitu kikazwe. Makanga alikuja wakati wowote: "Fundi, niandikie Ingwe, na chui aonekane meno." Hiyo ilikuwa Kawangware, kwa mashabiki wa AFC Leopards. Nilipopelekwa Kibera, upande wa Olympic na Makina, niliandika Gor Mahia, timu pinzani, mpaka rangi ya kijani ikawa haikauki kwenye brashi.

Kisha akaja Michuki, waziri wa uchukuzi. Februari 2004 kanuni za waziri huyo zilianza kutekelezwa: mikanda ya viti, vidhibiti mwendo, sare, na mstari wa manjano kuzunguka gari lote. Michoro ya ubavuni ikafutwa. Marafiki zangu wachoraji, waliokuwa wakijaza basi zima nyuso za wanamuziki, wakakaa bila kazi. Mimi nikaongezewa kazi. Maneno yaliyofukuzwa ubavuni yaliteremka nyuma ya gurudumu, mahali ambapo askari wa trafiki hainami kusoma. Kipande cha mpira kilichowekwa kulinda rangi kikawa ndicho mahali pekee pa kupaka rangi kwa uhuru. Sidhani Michuki aliwahi kujua. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alipotetea michoro ya matatu, ikarudi ubavuni kwa kishindo, na manyanga za leo, matatu zilizorembwa, zina taa na televisheni. Nani atainama kuangalia mpira?

Walioinama ni watu wa boda. Ushuru wa pikipiki ndogo ulipoondolewa mwaka 2008, Boxer na TVS zikajaa kila kona, na pikipiki, kuliko gari, inamrushia matope mwenyewe aliyeipanda. Madigadi yake ya mbele ni fupi, haikuundiwa njia za Gatwekera, kule Kibera. Tunaiongezea mkia mpana unaokaribia kugusa chini, kingo zimeshonwa uzi wa rangi, katikati pana jina la mama, aya ya Biblia au Kurani, Arsenal, au namba ya simu ya mwenyewe ili mteja apige. Hata baada ya nyumba kubomolewa Kibera Julai 2018 kupitisha barabara ya lami kati ya Ngong Road na Lang'ata, oda hazikupungua. Lami imepita katikati, vichochoro viko vile vile.

Kilichonipunguzia kazi ni plastiki. Barabara ya Kirinyaga, ambayo sisi wazee bado tunaiita Grogan, inauza madiflapu ya kiwandani yaliyokwisha kukatwa, mepesi, yenye nembo ya kampuni. Rangi yangu haishiki juu yake; baada ya wiki chache inajichubua. Vijana wanabandika stika zilizokatwa na mashine. Lakini wanayafunga kwa boliti mbili bila ubapa wa chuma, na mvua ya Aprili ikikolea wananiletea pikipiki yenye plastiki iliyochanika palepale kwenye tundu, wakiniuliza kama bado nina ule mpira wa zamani.