Nguvu ya Giza na Nyutrino

Watu wa Kabambare wanajua dhahabu ya Namoya. Lakini wachache wamesikia ya kwamba mwaka 1965, katika mgodi wa dhahabu karibu na Johannesburg, kilometa 3 na zaidi chini ya ardhi, wataalamu Reines na Sellschop pamoja na wenzao waliona alama za nyutrino. Nyutrino ni chembe ndogo mno, hata mwamba hauzizuii. Ndiyo maana walishuka chini hivyo, mwamba uzuie vitu vingine. Usiku wa manane pale Kasongo, nyutrino za jua zinatujia kutoka chini ya miguu yetu, zimekwisha kuivuka dunia nzima.

Sasa tutazame juu. Mwaka 1917 Einstein alitia katika hesabu zake namba moja ya kuutuliza ulimwengu. Padri Georges Lemaître wa Louvain alionyesha mwaka 1927 ya kuwa ulimwengu unatanuka. Einstein akaitupa namba yake mwaka 1931. Padri akaishika, na mwaka 1934 akaeleza ya kuwa ni kama nguvu iliyomo mahali patupu penyewe. (Tena alikataa kuchanganya hesabu hizo na kitabu cha Mwanzo, sisi wahubiri tukumbuke.) Alifariki mwaka 1966, na wengi walidhani ameshika kitu cha bure.

Mwaka 1998 wapimaji wa nyota zilizolipuka walikuta ulimwengu unazidi kutanuka kwa haraka. Kinachousukuma wakakiita nguvu ya giza. Mwaka uleule, huko Japani, ikajulikana ya kuwa nyutrino hubadilika aina zikiwa njiani, basi zina uzito. Tena uzito huo mdogo hauko mbali sana na kipimo cha nguvu ile. Je, ni ndugu? Mwaka 2004 Fardon, Nelson na Weiner walitoa shauri: vimefungwa pamoja, na kadiri nyutrino zinavyotawanyika, uzito wao unaongezeka. Shauri zuri, ila mwaka uliofuata wengine walionyesha ya kuwa nyutrino za namna hiyo zingejikusanya madonge madonge, zisisukume kitu.

Neno halikuisha. Mwaka 2025 wapimaji wa DESI, huko Arizona, walitangaza ya kuwa, nguvu ile ikiwa haigeuki, uzito wa aina 3 za nyutrino kwa jumla haupiti elektrovolti 0.064. Lakini kule kubadilika kwao kunadai 0.06 hivi kwa uchache. Nafasi ni nyembamba kabisa. Nguvu ikiwa inageuka, nafasi inapanuka. Na vipimo vyao vyaelekea huko, ingawa havijatosha kukata shauri.