Samaki wa Küstner, tumbo la Prausnitz

Mabishano kuhusu vipimo vya mzio wa chakula yamepamba moto tangu kampuni zianze kuuza mtandaoni vifurushi vya kujipimia nyumbani. Mteja anajitoboa kidole, anatuma tone la damu, kisha anarudishiwa orodha ndefu ya vyakula vya kuacha: mayai, maziwa, ngano, samaki. Vingi vya vipimo hivyo hutafuta kingamwili za IgG, ambazo mwili wa mtu mwenye afya hutengeneza kwa kuwa tu amezoea kula chakula hicho. Mwaka 2008 wataalamu wa mzio wa Ulaya walitamka wazi kwamba kupima IgG4, aina mojawapo ya IgG, hakufai kutambulisha mzio wa chakula. Wakati huohuo kuna kipimo cha ngozi, kinachotoa jibu ndani ya dakika 20, na wagonjwa wengi hawajapata hata kukisikia. Waliokijenga walijitolea miili yao wenyewe, na inasikitisha kuona kazi yao ikipitwa na matangazo ya biashara.

Wa kwanza alikuwa Charles Blackley, daktari wa Manchester aliyesumbuliwa kila kiangazi na chafya na macho kuwasha. Wenzake walisingizia joto, mwanga wa jua na vumbi. Blackley alikwaruza ngozi yake, akaweka chavua ya nyasi, kisha akakwaruza sehemu nyingine bila kuweka kitu, apate kulinganisha. Palipowekwa chavua pakawasha na kuvimba, palipokwaruzwa tu pakatulia. Alirusha hata tiara zilizobeba vioo vya kunata ili anase chavua iliyo juu angani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1873.

Mwaka 1906 Clemens von Pirquet wa Vienna akaupa ulimwengu neno aleji, na mwaka uliofuata akatumia mkwaruzo wa ngozi kupima kifua kikuu. Mwaka 1912 Oscar Schloss wa New York akautumia kwa mtoto aliyedhurika kila alipokula mayai.

Lakini kisa cha kukumbukwa ni cha Breslau, mji ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Huko walikuwepo madaktari wawili, kila mmoja na maradhi yake. Carl Prausnitz aliteswa na chavua ya nyasi, lakini samaki alikula bila wasiwasi. Heinz Küstner yeye hakuweza kuonja samaki: muda mfupi baada ya kula, mwili uliwasha, uso ukavimba, chafya na kutapika vikafuata. Tena aliyemdhuru ni samaki aliyepikwa. Dondoo ya samaki mbichi ilipowekwa kwenye ngozi yake, haikumfanya kitu.

Swali lililowaumiza kichwa lilikuwa moja: mzio huu unakaa wapi mwilini? Walichanganya majimaji ya damu ya Küstner na dondoo ya samaki ndani ya chupa ya maabara, wasione badiliko lolote. Ndipo Prausnitz akautoa mwili wake. Alidungwa majimaji hayo, kiasi kidogo sana, kwenye ngozi ya tumbo. Siku iliyofuata akadungwa dondoo ya samaki mahali palepale. Tumbo la mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kudhuriwa na samaki likatoa uvimbe mweupe uliozungukwa na wekundu, kama wa kuumwa na mbu lakini mkubwa zaidi.

Walijaribu na kinyume chake, kuhamisha mzio wa chavua wa Prausnitz kwenda kwa Küstner. Hawakufanikiwa, nao wakaliandika hilo bila kuficha. Uaminifu wa namna hiyo ndio unaokosekana katika vifurushi vya leo. Makala yao ya mwaka 1921 ilithibitisha kwamba kuna kitu ndani ya damu kinachobeba mzio, ingawa hakuna aliyekijua kwa sura.

Ilichukua zaidi ya miaka 40 kukifahamu. Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke Wajapani waliofanya kazi Denver, Marekani, pamoja na Gunnar Johansson na Hans Bennich huko Uppsala, Uswidi, walikitambua kila kundi kwa njia yake, na mwaka 1968 kikapewa jina rasmi la IgE. Jaribio la Breslau lenyewe liliachwa, kwani kudunga majimaji ya damu ya mtu mwingine kunaweza kuambukiza homa ya ini.

Kilichobaki ni kipimo cha kuchoma ngozi. Muuguzi huweka matone kwenye mkono: utitiri wa vumbi, mende, karanga, yai. Pembeni huweka tone la histamini, ambalo lazima lilete uvimbe, na la maji ya chumvi, ambalo halipaswi kuleta uvimbe. Kijisindano hupita katika kila tone bila kutoa damu. Uvimbe ukizidi ule wa maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi, jibu ni chanya. Mgonjwa huambiwa mapema aache dawa za mzio kama setirizini kwa siku kadhaa, la sivyo ngozi itanyamaza. Na jibu chanya peke yake si ugonjwa. Daktari lazima asikilize historia ya mgonjwa.

Afrika Mashariki kipimo hiki kimefika. Visiwani Koome, katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, watafiti walikitumia kuchunguza kama dawa za minyoo za mara kwa mara hubadili mzio wa wavuvi na familia zao. Hawakuona tofauti. Lakini utafiti ni jambo moja na kliniki ya kawaida ni jingine. Mama ambaye mtoto wake ana pumu au ukurutu huambiwa tu amkataze mayai na samaki, kwa kukisia, na mtoto hunyimwa chakula cha kumjenga ambacho pengine hakina kosa lolote. Orodha ya kawaida ya kupimia barani Ulaya ina chavua ya birch, mti wa nchi za baridi ambao hauoti Tanga wala Lamu. Hospitali za hapa zinahitaji matone yanayotokana na nyasi, miti na wadudu wa hapa, na wauguzi waliofunzwa kuyatumia.